Mkunga si Nyoka, na Shimo si Mfuko Wako

 

Mwezi huu tutoke kidogo shambani. Twende pwani.

Watu wengi wa vijiji vya pwani, kutoka Tanga mpaka Mtwara, na wa Mafia, Unguja na Pemba, wana mashamba mawili. Shamba la kwanza ni la mihogo, minazi na mpunga. Shamba la pili ni mwamba. Maji yakipwa, akina mama, vijana na wazee hushuka mwambani. Hutafuta pweza, kaa, chaza na kome. Shamba hili la pili hatukulipanda sisi. Lakini linatulisha, na linatupatia fedha za chumvi, sabuni na daftari za watoto.

Katika shamba hili yumo mwenyeji mmoja. Ni mrefu kama nyoka. Hukaa katika mashimo ya mawe. Watu wengi wanamwogopa, na wengine amewauma. Jina lake ni mkunga. Sisemi yule mkunga anayewazalisha akina mama. Nasema mkunga samaki.

Tutazungumza juu ya mambo matatu. Kwanza, mkunga ni nani. Pili, kwa nini huuma, na tufanye nini akiuma. Tatu, kwa nini tusivunje nyumba yake.

MKUNGA NI SAMAKI

Wako watu wanaosema kwamba mkunga ni nyoka. Si kweli. Mkunga ni samaki. Hupumua ndani ya maji kwa matamvua, yaani mashavu ya samaki. Matamvua yake huyaoni kwa urahisi, maana yana tundu dogo tu la mviringo kila upande wa shingo.

Ukimwona mkunga shimoni, utaona anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga. Watu hudhani amekasirika. Hapana. Anapumua. Anaingiza maji mdomoni ili yapite katika matamvua. Anafanya hivyo mchana na usiku, kama wewe unavyovuta hewa.

Mkunga hana magamba. Ngozi yake ina utelezi mwingi, kama bamia iliyopikwa. Utelezi huo humsaidia kupita katika mawe makali bila kuchubuka. Hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni. Ana pezi moja refu linalofuata mgongo mpaka mkiani.

Nyoka wa baharini wa kweli naye yupo katika bahari yetu. Mgongo wake ni mweusi na tumbo lake ni la manjano. Mkia wake ni bapa kama kafi. Ana magamba, naye hupanda juu kuvuta hewa. Huyu ana sumu kali. Hukaa sana bahari kuu, lakini pengine mawimbi humtupa ufukoni. Ukimwona usimguse, hata kama unadhani amekufa. Waite watoto waondoke.

Aina za mikunga duniani ni kama 200. Wako wadogo, na wako wakubwa sana. Mkubwa kuliko wengi huweza kufika urefu wa meta 3 na uzito wa kilo 30. Huyo hukaa zaidi kwenye maji ya kina. Mwambani, pale panapokauka maji yakipwa, mara nyingi utakutana na mikunga wa meta moja au chini ya hapo.

Wako wawili wanaopenda sana mwamba wa maji mafupi. Mmoja ni mweupe mwenye mabaka meusi na vidoa vya manjano. Meno yake ni butu, nayo ni ya kuvunjia kaa. Mwingine ana rangi ya kijivu na vidoa vidogo vyeusi, kama mtu aliyemnyunyizia pilipili manga. Huyu wa pili huruka kutoka majini na kupanda juu ya mawe akimfuata kaa.

TAYA LA PILI

Mkunga huwinda zaidi usiku. Macho yake ni hafifu, lakini pua yake ni kali. Hufuata harufu.

Samaki wengi hufungua mdomo ghafula, maji huingia, na windo huvutwa pamoja na maji. Mkunga hafanyi hivyo. Shimo lake ni jembamba, na kichwa chake ni chembamba. Basi anamezaje? Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Rita Mehta na Peter Wainwright, walieleza jambo hilo. Mkunga ana mataya mara mbili. Taya la kwanza liko mdomoni kama letu. Taya la pili liko ndani ya koo, nalo lina meno pia. Mkunga akishika windo kwa meno ya mbele, taya la kooni huja mbele, hulishika, kisha hurudi nalo ndani. Ni kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2021 Rita Mehta na mwenzake Kyle Donohoe walionyesha jambo jingine. Yule mkunga mweupe mwenye mabaka anaweza kumeza chakula akiwa nje ya maji. Hahitaji kurudi majini kwanza. Kwa hiyo usiseme, "Jiwe hili limekauka, hapa hapana mkunga." Chini ya jiwe lenye unyevu anaweza kuwapo, amejikunja, anangoja maji yajae.

Wavuvi wa madema wanajua jambo jingine tena. Mkunga akishika kitu kikubwa asichoweza kumeza, hujifunga fundo. Huanza fundo mkiani, kisha hulisukuma mpaka kichwani. Fundo likifika kichwani humpa nguvu ya kunyofoa nyama. Ndiyo maana akishika mkono wa mtu na kujizungusha, jeraha huwa kubwa.

KWA NINI ANAUMA

Mkunga hatoki shimoni kumtafuta mtu. Mtu ndiye anayemfuata nyumbani kwake. Fikiri wewe umelala ndani, mara mkono wa mgeni unaingia dirishani. Utafanya nini?

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba shimo la pweza na shimo la mkunga yanafanana. Ya pili ni harufu. Mkunga hula kaa, samaki na pweza. Ukiwa umekwisha shika pweza mmoja, mkono wako unanuka pweza. Mkunga haoni vizuri. Hajui kuwa huo ni mkono wa mama fulani. Yeye anajua chakula kimeingia.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja na mjukuu wake wako mwambani. Maji ni ya bamvu, yamekupwa mbali. Mjukuu ameona shimo.

"Bibi, hapa yupo pweza. Naona maganda ya kaa mlangoni."

"Vizuri, mjukuu wangu. Pweza hutupa maganda nje. Lakini usitie mkono."

"Kwa nini, bibi? Si umesema ni pweza?"

"Nimesema pweza alikaa hapo. Sikusema nani yumo sasa. Pweza akiliwa, nyumba hubaki na mwenye kumla."

"Basi nifanyeje?"

"Tia mchokoo kwanza. Pweza atauzungushia mikono. Mkunga ataung'ata. Mchokoo ukiumwa hautoki damu."

Ndugu msomaji, maneno ya bibi huyu ni somo kamili. Tuyaongezee haya machache:

1. Usitie mkono katika shimo usiloliona ndani. Tumia mchokoo mrefu, hata kama una haraka. Haraka haraka haina baraka.

2. Vaa viatu vigumu. Vinakinga mguu na mkunga, na pia na miba ya samaki wa mawe.

3. Usifunge pweza au samaki kiunoni. Weka katika kikapu au ndoo, mbali kidogo na miguu yako.

4. Usiende mwambani peke yako. Ukiumia, nani atakusaidia kurudi kabla maji hayajajaa?

5. Mvuvi wa dema, usitie mkono ndani kutoa samaki. Fungua mlango, inua dema, samaki waanguke katika chombo. Mkunga huingia demani kufuata samaki walionaswa.

6. Waonye watoto wasimchokoze mkunga kwa kidole wala wasimpe chakula mkononi.

AKIUMA, FANYA HIVI

Meno ya mikunga wengi ni makali na yamelala kuelekea ndani, kama miba ya mshale. Hayana sumu kama ya nyoka. Lakini jeraha lake huchafuka upesi, na hapo ndipo pana hatari. Mkono usiotibiwa unaweza kuvimba, kutoa usaha na kukakamaa. Mama asiyeweza kukunja vidole hawezi kushika jembe, hawezi kusuka ukili, hawezi kufua. Nyumba nzima inapata taabu. Kwa hiyo fuata hatua hizi.

Kwanza, kama mkunga bado ameng'ang'ania, usivute mkono kwa nguvu. Ukivuta, meno yatachana nyama. Mwenzako amshike kichwa kwa kitambaa na afungue mataya yake kwa kijiti au kisu butu. Akishindwa, muueni kwanza, kisha mfungue mataya.

Pili, tokeni majini. Bana jeraha kwa kitambaa safi. Inua mkono juu. Damu ikitoka kwa wingi, endelea kubana bila kufungua fungua kutazama. Kama una pete, ivue mapema kabla kidole hakijavimba.

Tatu, damu ikipungua, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi safi. Osha kwa muda mrefu. Usiridhike na maji ya bahari.

Nne, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Jino la mkunga linaweza kuwa limevunjikia ndani. Mganga ataangalia. Pia ataangalia kama unahitaji dawa ya kuzuia usaha na sindano ya kukinga pepopunda. Kama una kadi ya chanjo ya pepopunda, kwa mfano ile ya kliniki ya wajawazito, nenda nayo.

Na haya usifanye. Usifunge mkono kwa kamba kama watu wanavyofanya kwa nyoka. Usichanje kwa wembe. Usipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Usishone jeraha nyumbani. Vitu hivyo huongeza uchafu, na uchafu ndio unaoleta pepopunda. Pepopunda inaua.

Ukiona jeraha limekuwa jekundu na la moto, au linatoa usaha, au una homa, au vidole havikunjiki, rudi zahanati hata kama ulikwisha kwenda.

JE, ANALIWA?

Wako wanaomla mkunga na wako wasiomla. Kila mtu na desturi yake. Lakini wanaomla wajue jambo moja.

Katika miamba iliyokufa humea mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho. Baadhi ya mimea hiyo ina sumu. Samaki wadogo huila. Samaki wakubwa huwala wale wadogo. Sumu huendelea kukusanyika. Mkunga mkubwa, aliyekula samaki miaka mingi, anaweza kuwa na sumu nyingi mwilini, naye mwenyewe haimdhuru. Ugonjwa wa sumu hii unajulikana katika visiwa vya Bahari ya Hindi kama Mauritius na Réunion.

Sumu hii haibadilishi harufu wala ladha ya samaki. Haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kutia chumvi. Mtu aliyeila hutapika, huharisha, na husikia ganzi midomoni na vidoleni. Pengine maji ya baridi humwunguza kama ya moto. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi, na aseme alikula samaki gani.

Kwa hiyo, mkunga mkubwa mwache. Ini lake, kichwa chake na mayai yake usile kabisa, kwa maana huko ndiko sumu hukaa zaidi.

USIVUNJE NYUMBA YAKE

Sasa tufike jambo la tatu. Msomaji anaweza kusema, "Bwana shamba, mkunga anakula pweza wetu, tena anatuuma. Kwa nini tusimmalize?"

Ni swali zuri. Ni kweli mkunga anakula pweza. Lakini yeye na pweza wameishi pamoja tangu zamani sana, kabla ya kijiji chako kuwapo, na pweza hawakwisha. Pweza wanakwisha tunapochukua wadogo kila siku bila kupumzisha mwamba. Tena wanakwisha tunapovunja mawe kwa mitarimbo ili kuwatoa. Shimo likivunjwa, mkunga amekosa nyumba. Lakini pweza naye amekosa nyumba. Kaa amekosa. Samaki mdogo aliyekuwa akijificha humo amekosa. Mwezi ujao utarudi pale pale, nawe utakuta kokoto.

Matumbawe ni viumbe hai. Mengi ya yale magumu, ya mviringo, hukua kama sentimeta moja tu kwa mwaka. Jiwe la tumbawe lenye kimo cha sentimeta 30 limekua kama miaka 30. Mtarimbo hulivunja kwa dakika moja. Mkulima mwenye akili hakati mwembe ili apate embe moja.

Baruti na utupa ni vibaya zaidi. Baruti huua wakubwa na wadogo, na huvunja mwamba. Utupa huingia katika kila shimo na kuua hata mayai. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa baruti na kwa sumu.

Mkunga mwenyewe ana kazi yake mwambani. Mwaka 2006 wataalamu walieleza walichokiona katika Bahari ya Shamu. Aina moja ya chewa huenda kwenye shimo la mkunga mkubwa na kutikisa kichwa, kama anayemwita. Mkunga hutoka, wakaenda kuwinda pamoja. Mkunga huingia katika nyufa, chewa hungoja nje. Samaki akikimbia mmoja, hukutana na mwingine. Siku nyingine chewa hupata, siku nyingine mkunga. Basi ukimmaliza mkunga, hujui nani mwingine umemnyang'anya chakula.

Tena watoto wa mkunga hawakai pale walipozaliwa. Mtoto wake ni bapa na mwangavu, kama jani la kioo. Huchukuliwa na maji kwa miezi kabla ya kugeuka kuwa mkunga na kuingia mwambani. Mkunga wa mwamba wako pengine alizaliwa mbali. Na mwamba ukivunjwa kwenu, hata vijiji vingine vinapata hasara.

Tufanye nini? Tufanye kama tunavyofanya shambani. Shamba likichoka, hulazwa. Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza hukua upesi sana. Walipofungua, walipata pweza wakubwa zaidi. Vijiji vingine vya Madagaska vikafuata, na njia hiyo imefika hata kwetu, Zanzibar na Tanzania Bara. Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji, pamoja na kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi na ofisa uvuvi wa wilaya. Akina mama wanaoshuka mwambani wawepo na waseme. Wao ndio wanaolijua kila shimo.

Na jambo dogo ambalo kila mtu anaweza kulianza leo: ukigeuza jiwe, lirudishe kama lilivyokuwa. Chini yake kuna mayai na watoto wa viumbe. Jua likiwapiga, wanakufa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mkunga ni samaki, si nyoka.
Tia mchokoo kwanza, usitie mkono.
Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji safi, nenda zahanati siku hiyo hiyo.
Mkunga mkubwa usimle.
Mwamba usiuvunje. Nyumba ya mkunga ni nyumba ya pweza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mkunga hufungua na kufunga mdomo?
2. Utamtambuaje nyoka wa baharini?
3. Mtu ameumwa na mkunga, na jirani anataka kupaka mafuta ya taa. Utamwambia nini?
4. Je, kijijini kwenu watu wanavunja mawe ili kupata pweza? Mwamba ulikuwaje zamani? Waulizeni wazee.
5. Sehemu gani ya mwamba wenu ingefaa kupumzishwa, na kwa miezi mingapi?

Ndugu msomaji, msomee habari hii mwenzako asiyejua kusoma, hasa yule anayeshuka mwambani. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi shambani kuzungumza juu ya kupalilia mihogo.

Kazi njema, na maji mema.